Kiti cha Anayejibu

Alasiri ile mama alikuwa akishona pindo la gauni la mteja aliposikia Chiriku, ng'ambo ya ukuta, akisema, "Sahihi. Twende la nne."

Mama aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. Nyumbani walikuwa watu wawili tu, yeye na binti yake huyo, na ukuta kati ya chumba cha kushonea na chumba cha wasichana ulikuwa mwembamba, mtu akikohoa huku anaombewa afya kule. Alikuwa amesikia swali la tatu likisomwa. Jibu hakulisikia. Kati ya swali na lile neno "sahihi" palikuwa na kimya tu, kimya cha urefu wa jibu.

Akajisemea, mtoto anasoma, mwache asome. Akakanyaga tena.

Jina la Chiriku alipewa kwa sababu ya mdomo wake, maana tangu utotoni hakujua kunyamaza. Dada yake, Mungu amrehemu, alikuwa amefariki kwa homa kabla ya mvua kuanza. Mtihani wa kuingia chuo walikuwa waufanye pamoja mwaka huo, kwa kuwa Dada alikuwa ameukosa mara ya kwanza kwa alama chache, akaona haya, kisha akasema atarudia, liwalo na liwe.

Walikuwa na namna yao ya kujisomea. Muulizaji alikuwa Chiriku. Alisoma kifungu cha ufahamu kwa sauti, kisha akageuka kuutazama ukuta ili macho yake yasiuze jibu, kwa sababu Dada alikuwa hodari wa kusoma uso wa mdogo wake kuliko kusoma kitabu. Akishageuka aliuliza, akanyamaza, akangoja. Nyuma yake, kwenye kiti cha mbao, Dada alijibu.

Baada ya mazishi Chiriku alirudia masomo kwa namna ileile. Alisoma, akageuka, akauliza, akangoja. Hakuna aliyemkataza. Majirani walisema afadhali yeye anasoma, wengine msiba huwalaza kitandani. Mama naye alikuwa na lake. Kila mmoja alilia upande wake wa ukuta, na walipokutana mezani walizungumza habari za chumvi.

Kosa lilikuwa hapo, ingawa lilionekana kama juhudi. Mtu akiuliza kwa sauti, akageuza mgongo na kungoja, amekwisha kukaribisha. Hakusema tu anamkaribisha nani.

Kile kimya kikaanza kujaa kidogokidogo. Kwanza kiti kililia, kama mtu anayejiweka sawa. Kisha ikaja harufu ya udongo uliochimbuliwa, ikipita chini ya mlango na jua bado liko juu, na watoto wa jirani wanacheza nje. Halafu ukaja mnong'ono. Mama alisogeza sikio ukutani, kwa maana sauti ile aliijua tangu ilipokuwa kilio cha mtoto mchanga.

Hakuingia. Hilo lazima lisemwe. Alivuta kigoda chake karibu na ukuta akasikiliza, na kesho yake akasikiliza tena, machozi yakidondokea vitambaa vya watu, akimshukuru Mungu kwa jambo ambalo moyoni alijua halikutoka kwa Mungu.

Kilichomzindua ni sarufi. Dada alikuwa na akili ya hadithi, lakini sarufi ilimshinda tangu shule ya msingi. Alikuwa akikosea, akicheka, akidai kwamba sarufi ilitungwa na mtu asiye na marafiki. Sauti ile haikukosea hata mara moja. Wala haikucheka.

Siku moja Chiriku alisoma kifungu kuhusu mwanamke aliyebishiwa hodi wakati wa mvua, akakaa kimya ndani mpaka mvua ikakatika. Akageukia ukuta, akauliza, "Kwa nini mwanamke hakufungua mlango?"

"Kwa sababu alijua anayebisha si mtoto wake."

Chiriku akakipitia tena kifungu. "Hilo halimo kwenye kifungu."

"Limo," sauti ikasema taratibu. "Muulize mama. Anatusikia."

Mama aliruka kutoka ukutani kama aliyeungua.

Mezani jioni hiyo alimtazama binti yake vizuri kwa mara ya kwanza tangu msiba, akaona mifupa ya mabega, akaona chakula hakijaguswa. Chiriku, yule aliyekuwa akizungumza hata na kuku, alijibu kwa mnong'ono. Alisema kwenye mtihani hatakwenda. Mama akauliza kwa nini.

"Dada anasema hakuna haja. Anasema huko aliko maswali hayaishi, na yeye amechoka kukaa peke yake."

Asubuhi mama alikwenda kwa bibi mwoshaji, mwanamke aliyeosha maiti za wanawake mtaani pale na aliyejua dua kuliko watu wengi. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mwanao nilimwosha kwa mikono hii," alisema. "Tukamsalia, akaenda zake kwa Mola wake. Wateja wangu hawarudi, mwanangu, ndiyo maana sijawahi kulalamikiwa." Hakuna aliyecheka. Bibi akaendelea kwamba yule ni jini tu, mpita njia aliyeona kiti kitupu na mtu anayekisemesha. Dua ingemwondoa, lakini kiti kikibaki wazi angerudi. Lazima akikalie mtu aliye hai, wa damu yao, na ajibu.

"Mimi niliishia darasa la saba, bibi. Nitajibu nini?"

"Jibu vibaya. Ila ujibu wewe. Atakunong'oneza, na atakuwa na jibu sahihi kila mara. Ukilirudia la kwake mtakuwa wawili kitini, na sijui nani atainuka."

Alasiri hiyo bibi alisimama mlangoni akisoma dua kwa sauti ya chini, na mama akaingia. Chiriku alikuwa ameshageukia ukuta. Kiti kilikuwa cha baridi, baridi ya jiwe la chini ya mtungi, na mama alipokikalia alihisi kitu kikisogea kumpisha, kikasogea kidogo tu, kikabaki ubavuni mwake. Chiriku akauliza swali la kwanza, na pumzi yenye harufu ya udongo ikamjia mama sikioni, na jibu likawa ndani ya pumzi hiyo, limenyooka, kwa sauti ya mwanawe, na mama akauma mdomo na kusema jambo jingine kabisa, jambo la kijinga. Likaja la pili, na sauti ikasema mama, sema hivi, mama, na akakosea tena. Likaja la tatu na la nne, na sasa sauti ilikuwa inalia, inamwita kama ilivyomwita ile asubuhi ya homa alipokuwa amekwenda kuchota maji akachelewa kurudi, na machozi yakamwingia mama kinywani, naye akaendelea kukosea, akakosea kwa nguvu zake zote.

"Mama," ikasema sauti, karibu mno. "Sogea kidogo. Tukae wote."

Chiriku ndiye aliyezungumza, kwa sauti kamili iliyokwaruza kwa kutotumika. "Si hivyo, mama. Umekosea yote." Akageuka kutoka ukutani. Alipomwona mama yake kitini, na kitini hakuna mwingine, uso wake ukavunjika, akalia kilio ambacho hakuwa amelia siku ya mazishi. Mlangoni bibi alisema amina. Harufu ikatoka kama moshi ukipata dirisha.

Chiriku alifanya mtihani na alifaulu. Akapata chuo cha mbali, akaondoka na sanduku la dada yake. Alipopiga simu, nyuma yake vilisikika vicheko vya wenzake, na yeye alizungumza mpaka salio likakatika. Mama alimshukuru Mungu, kisha akaiweka simu mezani, na nyumba ikawa kimya pande zote mbili za ukuta.

Miezi ilipopita bibi mwoshaji alipeleka nguo ya kupunguzwa. Alimkuta mama akishona katika chumba cha wasichana, kwa sababu, alisema, kule kuna mwanga. Alikuwa ameacha kigoda chake, ameketi kwenye kile kiti cha mbao, lakini ameketi ukingoni kabisa, paja moja likining'inia hewani, nusu ya kiti ikiwa tupu.

"Kaa vizuri, mwanangu, utaanguka," bibi akamwambia.

Mama hakuinua macho kutoka kwenye kitambaa. Alijibu kwa sauti ndogo, ya mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala.

"Nimekaa vizuri, bibi. Nafasi inatutosha."