Aliyeshika Fimbo Uwanjani

Tulitaka kumaliza kupima kabla giza halijaingia. Asubuhi kampuni ingezungushia uzio uwanja ule ulio nyuma ya nyumba za mtaa, pamoja na miti yake yote. Kitu kimoja tu kingewazuia: jiwe la zamani la mpaka, linaloonyesha ardhi ya wazi ya umma inaanzia wapi. Majirani walikuwa wameparura kila mahali kama kuku, wasilione. Ndipo shangazi yangu, ambaye jiko lake linatazama uwanja, akaniita mimi, mpima ardhi.

"Ukilikosa, mwanangu, tutavuta hewa kwa zamu," aliniambia, akarudi kwenye sufuria zake.

Nikainamia darubini. Msaidizi wangu, tunayemwita Mrefu kwa kuwa ni mfupi, nilimwacha mbele na fimbo ya kupimia, ile yenye mistari myekundu na myeupe. Kazi hii haina kupigiana kelele. Unapunga mkono, mwenzako anasogea. Ukiinua mikono yote miwili, maana yake ni hapo hapo. Na kwenye kioo cha darubini unaona fimbo na vidole, basi.

Nikapunga kulia.

Fimbo ikaenda kushoto.

Nikapunga tena. Ikazidi kwenda kushoto, kuelekea nyumba za watu... ikiyumba, kama aliyeishika anachechemea.

"Mrefu naye kwa mizaha," nikanong'ona.

"Mizaha gani, bosi?"

Sauti ilitoka nyuma yangu.

Mrefu alikuwa anahema, nyundo mkononi. "Nilikuwa garini. Nyundo ilijificha chini ya kiti. Fimbo nimeilaza kwenye nyasi."

Sikuinua kichwa. Harufu ya udongo mbichi ilinijaa puani, na hatukuwa tumechimba popote. Kwenye kioo, fimbo ilifika ukuta wa jiko la shangazi.

Ikapita.

Sasa niliiona kupitia mlango ulioachwa wazi. Shangazi alikuwa anakoroga chungu. Nyuma ya bega lake, fimbo imesimama wima.

Nilikimbia. Jikoni hapakuwa na mtu wala fimbo, ila yeye na mvuke.

"Shangazi, toka humu..."

Hakugeuka. "Anachechemea mguu wa kushoto?"

"Ndiyo."

Akazima moto. "Ni mume wangu. Tulipoongeza jiko hili, jiwe lilikuwa njiani. Akamwaga sakafu juu yake. Wakati ule kila mtu alijisogeza kidogo uwanjani. Uwanja ulikuwa mkubwa, nani alijua utaisha? Tangu tumzike, kila jioni nasikia mtu anapapasa sakafu."

"Na majirani wanachimba, umenyamaza?"

"Nilitumaini utaliona bila mimi kumtaja. Marehemu hana wa kumtetea."

Hata mimi nimekula vingi vya jiko lile.

"Likiwa hapa, jiko litabomolewa," nikasema.

"Libomolewe. Nenda kamwambie ni hapo, apumzike."

Nikarudi kwenye darubini. Alikuwa bado anangoja. Nikainua mikono yote miwili.

Ngo!

Pigo moja, zito, kutoka jikoni. Nyundo yetu ilikuwa kwapani mwa Mrefu.

Tulikuta sakafu imepasuka, na chini yake jiwe. Fimbo ililala kando, imelowa udongo. Shangazi alikuwa amepiga magoti, kiganja chake juu ya ufa, anazungumza na mtu kwa sauti ya chini. Tuliwaacha.

Asubuhi uzio haukusimama. Uwanja upo mpaka leo, na watoto wanachezea pale palipokuwa jiko.

Lakini jioni ile, kabla ya kufunga vifaa, niliweka jicho kwenye kioo mara moja zaidi, nihakikishe ameondoka.

Alikuwa ameondoka.

Wengine walikuwa wamefika. Nyuma ya kila nyumba, kando ya kila banda na kila chumba cha nyongeza, alisimama mmoja. Huyu amesimamisha mpini wa jembe kama fimbo ya kupimia, yule ufito, yule mguu wa kitanda. Wote wamenielekea mimi, wanangoja ishara.

"Bosi," Mrefu akanong'ona, "mbona unainua mikono?"