Jeli ya Perege na Ndoo ya Dawa

Kila Jumanne na Ijumaa Dionisia alipara samaki. Walikuwa perege wa bwawa la kikundi chao cha kufuga samaki, pale Mtua. Aliwachuna ngozi, akatenga minofu ya kupeleka hotelini, Nachingwea mjini. Ngozi, magamba na miiba alivimwaga kwenye shimo nyuma ya nyumba. Shimo lilinuka. Nzi walijaa.

"Mama Abel, leo nzi wako wamefika kwangu kabla sijafagia," alisema jirani yake, Mwanabibi. "Niwapikie nini?"

"Wasongee ugali tu. Kitoweo wanacho."

Walicheka. Walikuwa hivyo tangu walipoolewa. Fauzia, binti wa Mwanabibi mwenye miaka mitano, alikula nyumba zote mbili.

Siku moja alikuja Rahel, afisa uvuvi. Alilitazama lile shimo, akatikisa kichwa.

"Mnamwaga chakula," alisema. "Ngozi na magamba ya samaki yanatoa jelatini. Ndiyo inayogandisha jeli na peremende laini."

"Mimi jeli za dukani sili," alisema Mwanabibi. "Sijui zimetoka kwa mnyama gani. Fauzia naye namkataza."

"Hii ni ya samaki mtupu, mama."

"Basi hiyo tutakula. Mama Abel akipika, nani ataogopa?"

Rahel akawaeleza. Ngozi ziwe za siku hiyo hiyo, zisiwe zimeoza. Zikwanguliwe nyama na mafuta yote. Zilowekwe kwenye maji yenye siki ya chakula, kisha zisuuzwe mpaka uchachu uishe. Halafu zikae saa kadhaa kwenye maji ya moto yasiyochemka, maana yakichemka jeli huwa legelege. Maji yale yachujwe kwa kitambaa safi, yakaushwe.

"Vyombo viwe vya chakula tu," alimalizia. "Na mtu asile kabla haijapimwa maabara."

Dionisia aliyasikia yote. Lakini alitaka kujaribu upesi, na sufuria lake kubwa lilikuwa limeazimwa msibani. Pembeni palikuwa na ndoo ya bluu ambayo mumewe huchanganyia dawa ya kupulizia mikorosho. Aliisugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa sabuni. Aliinusa. Haikunuka kitu.

"Imetakata," alijiambia.

Akaloweka ngozi humo kutwa nzima.

Jioni alizisuuza, akazipasha moto kwenye sufuria dogo, na jeli ikatoka nzuri. Aliitia maji ya ukwaju, akaigandisha kwenye friji ya dukani. Kesho yake asubuhi Mwanabibi alilamba kijiko, akasifia, bakuli akampa Fauzia. Mtoto alikula yote, akakwangua na chini.

Kabla ya alasiri Fauzia alitapika. Mate yalimtoka bila kukoma. Jasho lilimlowesha, na mboni za macho zikawa ndogo kama kichwa cha pini. Walimkimbiza hospitali kwa bodaboda.

"Amekula nini?" aliuliza nesi.

"Jeli ya samaki tu, nesi," alijibu Mwanabibi. "Imepikwa na jirani yangu huyu. Ana mikono safi, hawezi kuwa yeye."

Dionisia alitazama sakafu.

"Ngozi zake niliziloweka kwenye ndoo ya dawa ya mikorosho," alisema.

Mwanabibi aligeuka, akamtazama.

Nesi alimwita daktari mbio. Kwa sababu walijua ni sumu gani, walijua na dawa ya kumpa. Fauzia alilazwa siku sita, akapona.

Rahel alipopata habari hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba.

"Plastiki inakunywa dawa," alisema. "Ukisugua, unasafisha juu tu. Siki ikaivuta sumu, ikaingia kwenye ngozi. Ndoo ya dawa haiwi tena ya chakula wala ya maji. Itobolewe, asiitumie mwingine."

Dionisia aliitoboa kwa msumari, yeye mwenyewe.

Kikundi kikanunua masufuria mapya na kipimajoto, vikawekwa chumba chao. Jelatini ya kwanza ilipelekwa maabara, ikapasi. Sasa mtengeneza keki wa Ruangwa anaichukua kila mwezi. Kwenye pakiti imeandikwa kuwa imetokana na samaki, ili wanaodhurika na samaki wasile. Shimo limefukiwa, na nzi wamepungua.

Siku majibu ya maabara yalipokuja, Dionisia alichukua karatasi na bakuli la jeli, akaenda kwa Mwanabibi. Mwanabibi aliisoma karatasi mpaka mwisho.

"Nimefurahi, Mama Abel. Kweli."

"Onja basi."

"Nilikusamehe palepale, ulipomwambia nesi ukweli. Usingesema, mwanangu ningemzika." Alimrudishia karatasi. "Ila mkono unakataa."

Fauzia alisogea, akanyoosha mkono kwenye bakuli. Mama yake aliushika taratibu, akaurudisha mapajani.

"Mwambie asante," alisema. "Mwambie tumeshiba."

"Asante. Tumeshiba," alisema mtoto.

Dionisia akarudi kwake na bakuli limejaa.