Cherehani ya Kibwana

Stendi ya Korogwe siku ya gulio haina adabu. Wachuuzi wa machungwa hupanda basi kabla abiria hawajashuka, makondakta huita Tanga na Lushoto kwa pumzi moja, na ukizubaa unabebewa hata kofia. Ndipo hapo, mwaka sabini na nne, gauni jipya la bluu la Mwanaidi liliponaswa na mlango wa basi likachanika pindo mbele ya watu wote.

"Usivute, dada, utalimaliza."

Kijana mrefu mwenye shati jeupe lililonyooshwa vizuri alikuwa ameshapiga goti vumbini. Alichomoa sindano kwenye ukosi wa shati lake, uzi ukiwa umetungwa tayari, akaanza kushona.

"Unatembea na sindano?"

"Na wewe unatembea na gauni la fundi mvivu. Tazama nyuzi hizi. Nani kakushonea?"

"Nimeshona mwenyewe."

Kijana akainamisha kichwa zaidi. "Basi kitambaa ndicho kibovu."

Mwanaidi alicheka hadi akasahau kuona haya. Sijui mapenzi ya wengine huanza wapi. Ya hawa yalianza kwenye pindo la gauni.

Kijana huyo aliitwa Kibwana, mzaliwa wa Handeni, fundi cherehani mwenye chumba kimoja cha duka pale Manundu. Mwanaidi alikaa Kilole kwa baba yake na alikuwa karani wa chama cha akiba na mikopo, ambako wanachama walikopeshwa baiskeli, bati, redio na vyerehani, wakalipa kidogo kidogo. Cherehani ya Kibwana nayo ilitoka huko. Jioni waliposindikizana Kibwana alipenda kumtania.

"Bosi wangu, leo umekopesha wangapi?"

"Wote isipokuwa wewe. Wewe unakula moyo wangu bila riba."

"Nitalipa, laazizi. Nipe muda."

Mwaka uliofuata kamati ilimpandisha Mwanaidi cheo akawa msimamizi wa mikopo, mwanamke wa kwanza kukalia kiti kile. Hapo ndipo utamu ulipoingia chumvi. Kibwana alikuwa amekosa kulipa miezi kadhaa, na mwenyekiti, mzee Laurenti, hakuuma maneno.

"Binti, mjini wanasema mchumba wako ameoa chama chetu. Ukimwacha yeye asilipe, kesho hakuna atakayelipa. Hicho kiti tutakuachiaje?"

Mwanaidi alikitaka kiti kile. Alikuwa amekisotea, na aliogopa kuambiwa kwamba mwanamke akipenda haoni. Basi hakumwita Kibwana pembeni, hakumuuliza kitu. Alikwenda Manundu mchana kweupe kuichukua cherehani, na mkokoteni na wapagazi wawili, akasimama mlangoni pa duka majirani wakitazama.

Duka lilikuwa limejaa nguo mpya. Magauni, kanzu na sare za shule zilining'inia ukuta hadi ukuta.

"Hulipi deni, na mali yote hii?" aliuliza. "Ziuze ulipe."

"Hizi zina wenyewe, Mwanaidi. Nimewapima mimi kwa mikono yangu. Nguo ya mtu siwezi kumvisha mwingine."

"Wenyewe wako wapi?"

"Ni watu wa kwetu Handeni. Wamehamishiwa vijiji vya ujamaa, wengine huku, wengine kule. Sijui nani yuko wapi. Watakuja."

"Kila anayedaiwa huniambia watakuja."

Kibwana aliibeba cherehani yeye mwenyewe, akaiweka juu ya mkokoteni taratibu kama anayelaza mtoto, akarudi ndani na kutoka na kopo dogo la mafuta.

"Chukua na hili. Isipopakwa mafuta inakaza. Kwaheri, bosi."

Safari hii neno lile halikuwa na utani ndani yake, na Mwanaidi alilisikia njia nzima.

Cherehani ikawekwa ofisini, kando ya meza yake. Kibwana akafunga duka, akamwachia jirani ufunguo, na hakuonekana. Juma lilipopita aliingia mama mmoja wa makamo, kanga zake zimejaa vumbi jekundu la safari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Namtafuta fundi Kibwana. Majirani wamenituma hapa." Macho yake yakaiona cherehani. "Kumbe kweli mmemnyang'anya."

Mwanaidi akamvutia kiti. "Unamdai, mama?"

"Ananidai yeye. Sisi humlipa tukivuna. Mwaka wa ukame aliwashonea wanangu sare, na hakuja kutudai hata mara moja. Sasa tumehamishiwa mbali, nauli sina, nimepanda lori la mkaa nifuate gauni la binti yangu. Anaolewa baada ya mavuno." Akaitazama tena cherehani. "Hajaliuza?"

"Hajaliuza," Mwanaidi akajibu. Alijua ni nani aliyemwambia auze. Aliona aibu, aibu ya kweli, na hakujificha: alimwomba yule mama radhi pale pale, kisha akamchemshia chai na kumsindikiza kwa jirani mwenye ufunguo wa duka, akachukue gauni.

Kamati ilipokaa alisimama.

"Cherehani ya Kibwana irudi. Na baiskeli ya Ponsiano tuliyoichukua mwezi uliopita irudi pia, hatukumuuliza kwa nini alikwama. Kuanzia sasa msimamizi akae kwanza na mtu, amsikilize, wapange upya. Mtu wa mavuno alipe kwa mavuno."

Mzee Laurenti akatabasamu kwa pembe ya mdomo. "Kwa sababu ni mchumba wako."

"Nilimchukulia kwa sababu ni mchumba wangu, mzee. Angekuwa mtu mwingine ningemuuliza kwanza."

Mzee Laurenti aliacha kutabasamu.

"Na wasipolipa?"

"Mnitoe mimi."

Walibishana hadi chai ikapoa, na mwisho wakakubali kusubiri mpaka mavuno. Mwanaidi alisukuma mkokoteni wa kurudi Manundu pamoja na wapagazi, majirani wale wale wakitazama.

Siku chache baadaye simu ya ofisi ililia. Alikuwa Bernadina, opereta wa posta, ambaye habari zote za mji humpitia masikioni. "Handeni inakutaka, dada. Sema kwa sauti."

"Mwanaidi?" Laini ilikuwa inakoroma. "Nimezunguka vijijini. Wengi nimewapata. Waambie kamati watalipa."

"Kibwana, cherehani yako iko dukani kwako. Nisamehe. Nilitaka waone sina upendeleo, nikakuonea." Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Nimeipaka mafuta."

"Wapi?"

"Kila mahali."

"Umeiharibu, mpenzi. Itachafua nguo za watu." Akacheka, na Mwanaidi akajua amesamehewa. "Sikiliza. Nyuma ya zile sare kuna gauni la kijani. Halina jina."

"La nani?"

"La mtu niliyempima kwa macho pale stendi, nimepiga goti. Ni la harusi. Nimeliweka tangu siku ile, na siliuzi. Utalivaa?"

Laini ikakwaruza, ikakatika.

"Kibwana? Kibwana?"

"Imekufa, dada," alisema Bernadina, sauti yake nayo ikitetemeka. "Lakini naweza kuwapata posta ya Handeni kwa njia ya Tanga. Nimwambie nini?"

Mwanaidi alifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Mwambie asije peke yake. Aje na wazee wake. Baba yuko nyumbani Kilole."