Hapana Zima Grupu

Jua lilikuwa linaingia nyuma ya milima, Jumamosi moja ya 1957, wakati Maman Marcelline alikuja kunitafuta. Grupu ya kuwasha taa kwenye baa yao, hapa Kadutu, ilikuwa inagonga. Na bwana yake, Télesphore, alikuwa anakataa kuizima. Alikuwa analala kando yake, anaiongezea mafuta ya esansi hata usiku.

Mimi ni fundi, na kichwa yangu ni ngumu. Niliweka ncha ya turnevisi, ile bisibisi ya kufungulia vis, juu ya injini, mushikio kwenye sikio.

Ko. Ko. Ko.

Bieli, ule mukono wa chuma ndani ya injini, ikigonga, inafuata mwendo wa injini. Nilipunguza mwendo. Ile sauti haikupunguka. Nikaongeza. Haikufuata. Ilikuwa inagonga vile inataka yenyewe.

Hiyo ingetosha kunitia woga. Lakini sisi mafundi desturi yetu ni moja: injini ikigonga, unazima kwanza, ndipo unauliza.

Télesphore alinishika mukono.

“Tafazali, Papa Cirhuza,” alininong’oneza. “Hapana zima.”

Akanieleza. Grupu ile, muzungu wa shimo la zahabu kule Mwenga ndiye alimuuzia. Mbele ya hapo, ilikuwa inazungusha feni ya kupeleka hewa chini, na Télesphore ndiye alikuwa anaichunga. Siku moja udongo ukaanguka ndani ya shimo. Yeye huku juu hakujua. Alisikia tu ko, ko, ko. Akafikiri ni bieli. Akazima, akafungua injini yote, hakuona ubaya. Kumbe watu walikuwa wazima kule chini, wanagonga bomba ya hewa.

“Nilifanya kazi yangu muzuri,” alisema. “Ni ile kazi iliwaua.”

Nilimuhurumia, kweli. Nikafikiri huzuni imemuharibu akili.

Nikazima.

Kimya...

Ko... ko... ko...

Ilikuwa inatoka chini ya sakafu ya sima, kwenye miguu yetu. Harufu ya udongo mubichi ikapanda. Nilivuta kamba ya kuwasha. Nikavuta tena na tena, mpaka vidole vikatoka damu. Télesphore alilala chini, kinywa kwenye sima, anawapulizia pumzi yake.

Ko...... ko...

Halafu hakuna.

Ni hapo tu grupu ikawaka. Safi, bila kugonga hata kidogo. Maman Marcelline alinishukuru sana, akasema mimi ni fundi wa kweli. Nilikosa pa kuweka macho. Télesphore hakuinua kichwa.

Mpaka leo inawaka vilevile. Kila jioni napita pale, naweka turnevisi kwenye sikio, nasikiliza.

Namuomba Mungu wagonge.