Yule Mwanamke wa Jiwe Hakuwa Anafua Nguo

Nilimwona mwizi kwa macho yangu mawili... amesimama mbele ya wazazi mia mbili, amefunga tai, anapigiwa makofi.

Alichoiba kilikuwa mezani mbele yake. Jiwe. Jiwe lililochongwa na binti yangu.

Ngoja niwaeleze pole pole, maana huku Facebook mnakimbilia kukomenti kabla ya kusoma.

Mimi ni Tryphosa, mjane wa Tabaka, kule Kisii kwenye mawe ya kuchonga. Shule yangu iliishia darasa la nane, kwa hivyo mkiona Kiswahili kimepinda, kinyoosheni wenyewe.

Mume wangu alikuwa mchongaji. Nilimzika miaka tisa iliyopita, kifua kimejaa unga wa mawe.

Mimi nasugua. Kwetu wanaume ndio huchonga. Sisi wanawake tunakaa chini, miguu tumenyoosha, beseni la maji katikati, tunasugua vinyago kwa msasa mpaka jiwe linakuwa laini kama shavu la mtoto.

Mungu alinipa mtoto mmoja tu, Valentine. Yuko kidato cha tatu.

Sasa siku hiyo shule ilituita wazazi. Eti Siku ya Ubunifu. Eti watoto wetu waonyeshwe kazi za sanaa... kuchora, kupiga picha, kushona mitindo, kutengeneza filamu.

Nikacheka kwa pua. Mtoto wa mjane afundishwe kupiga picha. Hiyo picha ataisonga ugali?

Kulikuwa na kijana mmoja kutoka Nairobi, suruali imembana mpaka nikaihurumia miguu yake. Akasema yeye anaishi kwa kuchora chupa za juisi.

Nikamnong'oneza jirani yangu Edinah.

"Anachora chupa?"

"Si chupa. Ile karatasi ya kwenye chupa."

"Na mamake anajua?"

Edinah akaziba mdomo na leso asicheke. Mimi sikucheka. Nilikuwa nasikitika.

Halafu akasimama msichana wa Kihindi, jina lake Tara. Familia yake ina duka la vinyago Kisii mjini tangu enzi za babu yake. Akasema amekuja kuchagua mwanafunzi mmoja. Mmoja tu. Huyo atakuwa anaingia karakana yake kila likizo, ajifunze kazi mpaka amalize shule, kisha yeye Tara amsaidie kutafuta chuo.

Ndipo akaitwa Duke.

Duke ni kijana wa mwalimu Okemwa, ambaye ndiye alikuwa anasimamia hiyo siku yao. Hao ni watu wa Kebirigo, watu wa majani chai. Jiwe wanalijua lile la kufungia mlango.

Duke akaondoa kitambaa kilichofunika kinyago mezani.

Mwanamke ameketi. Miguu imenyooshwa, beseni katikati, mgongo umeinama kidogo upande wa kushoto. Kidole gumba kimefungwa kitu.

Ndugu zangu... mgongo ule ni wangu. Nimeubeba miaka arobaini na mbili, siwezi kuukosea. Na mkono wa kuchonga hivyo ninaujua. Nyumbani nilikuwa nimeshaukuta ukichonga vijiwe nyuma ya jikoni, nikaufukuza.

Tara akainama akaangalia sana. Akamuuliza Duke, "Huyu mama anafanya nini?"

"Anafua nguo, madam. Inaonyesha mapenzi ya mama Mwafrika."

"Na hiki kidole?"

"Amejikata. Inaonyesha, yaani... mateso."

Watu wakapiga makofi! Mwalimu Okemwa ndiye alipiga kushinda wote, meno yote nje.

Nikasimama. Edinah akanivuta sketi, nikamtoa mkono.

"Mwanangu Duke," nikasema, "hiyo nguo iko wapi?"

"Iko kwa beseni, mathe."

"Angalia vizuri. Hiyo nguo ina masikio."

Duke akachungulia kwenye beseni lake mwenyewe kama mtu anayechungulia kisima.

"Ina masikio na mkonga," nikasema. "Huko kwenu Kebirigo mnafua ndovu siku gani? Jumapili?"

Watu wa Tabaka waliokuwa nyuma wakaangua kicheko. Mimi nikaenda mpaka mbele, nikainua kidole gumba changu juu ya meza, kando ya kile cha jiwe. Nilikuwa nimetoka kazini, kipande cha tyubu ya baiskeli bado kimekifunga.

"Msasa ukikula kidole siku nzima, unakifunga hivi. Huyu mama hajajikata. Hana mateso. Yuko kazini, anasugua kinyago cha ndovu."

Mwalimu Okemwa akaja mbio. "Mama Valentine, tafadhali rudi ukae. Mambo haya yana utaratibu."

"Utaratibu wa wizi?"

"Mama Valentine..."

"Mwalimu, wewe na digrii yako umelea mtoto wa kuvaa jasho la mwenzake kama koti la mtumba. Hata hakuangalia mfukoni kabla ya kulivaa."

Nilisema mengine ambayo mzee wa kanisa angeyasikia angeniita nikae naye kitako. Nilikuwa naona utamu. Nisidanganye, ulikuwa utamu kweli.

Kisha nikageuka. "Valentine. Simama uwaambie nani alichonga."

Binti yangu akasimama katikati ya wenzake. Hakumwangalia Duke. Aliniangalia mimi.

"Nilichonga mimi."

"Mmesikia?" nikawauliza watu.

"Lakini hakuiba, Mama. Nilimpa."

...

"Ulimpa?"

"Alikuwa anaenda kuitupa kwa choo, mathe," Duke akasema, macho chini. "Nikamshow zi, usitupe, lete. Mezani walikuwa wanaweka za wenye fomu pekee. Mimi nilikuwa na fomu."

"Na mbona ukasema ni yako?"

"Walipiga makofi... nikashindwa kurudi nyuma."

Mwalimu Okemwa alikuwa amesimama kama aliyemwagiwa maji. Hakujua. Ilionekana wazi kwamba hakujua.

Fomu. Sasa hapo ndipo mimi nilitaka ardhi inimeze, na nyinyi mtajua kwa nini.

Ile fomu ya mzazi kukubali, mwalimu Okemwa aliileta kwangu mara mbili. Kwa miguu. Mara ya kwanza nilimwacha amesimama langoni mpaka akaondoka. Mara ya pili nilimwambia mbele ya majirani aende akalishe mtoto wake vumbi kwanza, aone kama litamnenepesha. Fomu aliyoiacha niliwashia moto wa chai.

Nilitaka binti yangu awe nesi. Avae nguo nyeupe, akae mbali na jiwe. Nani anaweza kunilaumu? Nilimwona babake akikohoa miezi saba.

Lakini sikumwambia hivyo Valentine. Nilimwambia sanaa ni kazi ya wavivu, na nikikuta tena jiwe lake nyuma ya jikoni nitalivunja na yeye akiona.

"Ulisema hutaki kuliona," Valentine akasema. "Nikataka hata mtu mwingine alione. Jina si kitu."

Mwenye umri wa miaka kumi na saba anakuambia jina si kitu...

Tara akatoa karatasi kwenye mkoba, akaiweka mezani karibu na beseni la jiwe.

"Mama, nafasi ni ya aliyeifanya kazi," akasema. "Lakini siwezi kumchukua bila sahihi ya mzazi. Na leo ndiyo mwisho."

"Na vumbi? Mimi nilitaka awe nesi," nikamwambia.

"Atavaa barakoa, na tunakata jiwe likiwa na maji. Halafu kuchonga ni sehemu moja tu, Mama. Kuna kuchora muundo kwa kompyuta. Kuna kupiga picha za kuonyesha wanunuzi. Kuna boksi lenyewe na maandishi yake. Kila hatua ni kazi ya mtu. Aje aone zote, kisha achague. Akiona uuguzi unamfaa zaidi, ataurudia akijua anachoacha."

Nikamtazama yule kijana wa chupa za juisi. Alikuwa ananitazama kwa heshima, mimi niliyemdharau. Ilinichoma.

Nikanyoosha mkono kuchukua karatasi.

"Mama," Valentine akasema, "usitie sahihi kwa sababu watu wanaangalia."

Mkono ukabaki hewani.

Nikakaa kwenye kiti cha mbele, kile cha wageni. Nikafumba macho. Wengine walidhani naomba Nyasae, Mungu wetu, aniongoze. Hapana. Nilikuwa naomba msamaha kwanza, na orodha ilikuwa ndefu.

Nilipofumbua nikamuuliza kitu kimoja tu.

"Kwa nini ulinichonga mimi?"

Akainua mabega. "Wewe ndiye ninayemjua vizuri. Nimekuangalia kila siku."

Nikaomba kalamu. Aliyekuwa karibu na kalamu ni mwalimu Okemwa. Akanipa yake. Angenitukana kidogo tu ingekuwa nafuu.

Nikatia sahihi pole pole, jina langu lote kama nilivyofundishwa darasani.

Valentine anaanza Agosti. Duke aliomba msamaha mbele ya shule nzima siku ya Jumatatu, na mimi nilimwomba babake msamaha langoni pale pale nilipomsimamisha. Alinijibu, "Yameisha, Mama Valentine." Akakataa chai. Nilistahili.

Sasa wewe mzazi unayesoma hii ukitikisa kichwa, unasema huyu mama wa Tabaka ni mjinga... vizuri, nicheke. Halafu jiulize mtoto wako anaficha nini nyuma ya jikoni, na ni kwa nini anakuficha wewe tu.

Kama unamhofia, mwambie unamhofia. Usiivalishe hofu yako matusi. Mimi nilisimama ukumbini kumfichua aliyemwibia binti yangu, na kila mtu akamwona kabla yangu. Alikuwa amesimama mbele, kidole kimefungwa tyubu, anapiga kelele.