Sindano ya Zambarau

Jumatano, tarehe kumi na moja Juni, saa nne na robo asubuhi, sindano ya zambarau iliingia kwenye taazia. Mwenye rangi hiyo alikuwa ameshazikwa.

Alikuwa fundi cherehani, Mungu amrehemu, na wenzake walimwita Mama Pindo kwa sababu hakuvumilia pindo lililokwenda upande. Ndiye aliyewakusanya mafundi wa miji mbalimbali mtandaoni, wakawa wanaandika kitabu cha mishono kwenye waraka mmoja, kila mtu kwake, wote kwa wakati mmoja. Mmoja akiandika, wengine waliona herufi zikitokea. Kile kijiti kinachometameta mahali mtu anapoandika, chenye jina na rangi ya mwenyewe, wao walikiita sindano.

Sasa walikuwa wakiandika taazia yake. Mdogo wake alikaa na kompyuta katika chumba cha kushonea cha marehemu. Mume wa marehemu alikaa ng'ambo ya meza na simu yake; rangi yake kijani. Akaandika: "Aliteleza bafuni, akagonga kichwa."

Zambarau ikasogea. Sentensi yote ikafutika.

"Nani anachezea?" mume akauliza.

"Si mimi, shemeji."

"Akaunti yake niliifuta mwenyewe. Siku ya mazishi."

"Siku ya mazishi? Ulikuwa na haraka, shemeji."

Mume akaandika tena. Ikafutika tena. Pembeni mwa waraka fundi mmoja mcheshi akaandika, "Jamani, Mama Pindo hata huko aliko anatufumua?"

Ndipo ikaja harufu ya kitambaa kilichoungua, na pasi ilikuwa baridi, waya wake umezungushwa. Kwenye kona, gurudumu la cherehani likazunguka taratibu. Tk. Tk.

Mdogo mtu akampigia shekhe wa msikiti wao.

"Maiti harudi, binti yangu," shekhe alisema kwa sauti ya chini. "Lakini kila mtu ana jini wake, aliyezaliwa naye. Dada yako amekwenda. Mwenzake amebaki, na aliyaona yote. Kabla hujamfukuza, muulize anadai nini."

"Kata hiyo simu," mume akanong'ona.

Yule binti akawaandikia mafundi: "Tokeni wote. Abaki anayejua." Rangi zikazimika moja moja. Yeye naye akainua mikono kutoka kwenye kompyuta.

Zikabaki kijani na zambarau, na zambarau ikasogea nyuma ya kijani, ikapenya ndani yake kama uzi unavyopenya tundu la sindano, na gurudumu likashika kasi, na ile harufu ikajaa chumba mpaka macho yakatoka machozi, na mume akaiweka simu mezani, akaikalia mikono yake kama mtoto aliyekatazwa kugusa, lakini sindano ya kijani, yenye jina lake yeye, ikaendelea kushona herufi pole pole, bila mkono wa mtu: "Nilimsukuma kwa sababu alitaka kuondoka. Alikuwa hai. Aliniomba maji. Nikafunga mlango."

Cherehani ikanyamaza.

"Ifute, shemeji. Nakuomba," mume akasema.

"Jina ni lako. Ifute wewe."

Mume akagusa kioo cha simu. Kidole kikatoa moshi, akapiga yowe. Na rangi zikaanza kurudi, moja, mbili, kumi, mafundi wa kila mji wakisimama juu ya maneno yale, wakisoma.

Polisi walimchukua adhuhuri, kidole kimefungwa kitambaa. Alikiri kabla hawajamuuliza.

Shekhe alipokuja kusoma dua ya kumwondoa jini, mdogo mtu alisimama mlangoni. "Bado, shekhe. Mwache amalize kazi."

Taazia ilikamilika, na yale maneno yamo. Zambarau haijatoka. Imesimama mbele ya jina la mume, inametameta, inangoja hukumu.

Ee Mola, mrehemu Mama Pindo. Mpanulie kaburi lake, mwangazie giza lake, na umnyweshe kwa mkono wako maji aliyonyimwa. Amina.