Jaribio la Mkono wa Chuma

Aliyenisimulia kisa hiki kwanza ni binamu yangu, fundi wa programu, wiki tuliyomzika mama yake.

Yeye na mwenzake, tuliyemwita Twiga kwa urefu wake, walikuwa wameunda programu ya kuendesha mkono wa chuma wa kukunja mabati. Mteja aliitaka mtandaoni jioni ileile, la sivyo angetafuta wengine. Lakini kila walipoituma, kompyuta ya mbali inayopima programu kabla hazijachapishwa iliikataa: mkono haukupatikana. Ungepatikanaje? Ulikuwa mmoja tu, mle karakanani mwao, tena plagi imechomolewa.

"Iambie iruke jaribio hilo pasipo na mkono," Twiga alisema, akiuegemea mkono wa chuma kwa kiganja. "Asiye na mkono atampiga nani kofi, ndugu yangu?"

Binamu akaandika hivyo, akatuma. Umeme ukakatika. Ikabaki nuru ya kompyuta yake ya betri, na jibu likaingia: Mkono umepatikana. Unashika.

Gizani chuma kikalia.

"Acha utani, bwana!" Twiga akasema, kisha akapiga yowe. Mifupa ya kiganja chake ilivunjika taratibu, mmoja baada ya mwingine, kama kuni kavu. Damu ikamrukia binamu usoni. Akamvuta mwenzake kwa nguvu zote mpaka nyama ikaachia.

Kwenye kioo cha kompyuta pakaandikwa: Jaribio limefaulu.

Umeme uliporudi walikitafuta kiganja cha Twiga chumba kizima, wasikione.

Binamu yangu yu hai, na Twiga yu hai. Kompyuta ile ya mbali, isiyounganishwa na mkono wowote, bado huripoti mikono miwili, na mmoja una joto.